Nyuzi Tano za Mzee Bugalama

Kosa la Eliudi Makene halikuwa la hesabu. Hesabu ilikuwa sahihi, na hata leo ukimwuliza ataifanya upya mbele yako na kupata jibu lile lile. Kosa lilikuwa la karatasi.

Ilikuwa mwezi Juni, mwaka 1994. Eliudi alikuwa mwalimu wa jiografia wilayani Ileje, na jioni hiyo alikuwa amekaa mezani akimwandikia barua baba yake, Mzee Bugalama, aliyefuga ng'ombe na kulima mpunga Kamsamba, bondeni Momba. Barua ilihusu posa. Eliudi alitaka kumwoa Gloria, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Mzee Osward wa Mbebe, milimani huko huko Ileje. Ujumbe wa kwanza wa wazee ulitumwa mwezi Machi. Ulikwama kwenye tope siku mbili, kisha ukarudi Kamsamba bila kuonana na mtu. Mzee Osward alilelewa na Wamoraviani wa Mbozi Mission, akatoka huko na saa ya mkononi na imani kwamba kuchelewa ni aina ya uongo. Alimwambia Eliudi, "Mara ya pili nitawasubiri. Mara ya tatu sina."

Kwa hiyo Eliudi alichagua Julai, mwezi ambao malori yanapita. Akaona ni wajibu wake kuwaeleza wazee kuhusu baridi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa ushahidi, hakuandika "njooni na makoti" kama ambavyo mtu mwingine angeandika. Aliandika kwamba joto la mahali huamuliwa na mambo kadhaa. Jambo la kwanza ni urefu kutoka usawa wa bahari: kila mita elfu moja unazopanda, joto hupungua nyuzi sita na nusu. Kamsamba iko kwenye mita kama mia nane na hamsini, Mbebe kama elfu moja mia sita na hamsini. Kwa hiyo tofauti ni nyuzi tano na kidogo.

Hapo ukurasa ukaisha. Ulikuwa ukurasa wa mwisho katika daftari la barua, na nje dereva aliyeahidi kuifikisha barua Tunduma alikuwa anapiga honi. Eliudi akatia sahihi pembeni, akajisemea kwamba mambo mengine atayaeleza kwa mdomo.

Wazee walifika Tunduma Ijumaa moja ya Julai, saa sita mchana, wakiwa juu ya magunia ya mpunga. Walikuwa watatu. Mzee Bugalama alivaa suti yake ya heshima, Kaunda suti ya mikono mifupi, na katambuga mpya za matairi. Mdogo wake Mhoja, aliyetokea Mbangala, alikuwa na shati jeupe jepesi kama chandarua. Mhoja ndiye alikuwa mshenga, na alipewa kazi hiyo kwa sababu ya mdomo wake. Ilisemekana aliwahi kumposea jirani mke, na alipomaliza kuzungumza msichana akauliza kama yeye Mhoja mwenyewe ameshaoa. Wa tatu alikuwa dada yao, Shangazi Kabula, aliyevaa kitenge kimoja na kujitanda kingine.

"Makoti yako wapi?" Eliudi aliuliza baada ya kuwaamkia.

"Makoti ya nini?" akasema Mzee Bugalama.

"Baba, si niliandika? Huko ni baridi."

Mzee Bugalama aliichomoa barua mfukoni. Ilikuwa imekunjwa mara nne na imesomwa mara nyingi. "Uliandika nyuzi tano. Mimi nikaenda kwa mwalimu wa pale kwetu, nikamwuliza, sisi mwezi wa saba mchana tuna ngapi? Akasema thelathini. Mhoja, toa tano."

"Ishirini na tano," akasema Mhoja.

"Nani ameshawahi kufa kwa ishirini na tano?"

"Hilo ni jambo la kwanza tu, baba. Yako mengine. Kuna upepo, kuna ziwa, kuna—"

"Ngoja. Hapa tuliposimama, tumeshapanda au bado?"

Eliudi hakuwa mtu wa uongo. "Tumeshapanda. Tunduma na Mbebe zinakaribiana sana kwa urefu."

"Basi toa hicho kidude chako upime."

Kidude kilikuwa kipimajoto cha shule, ambacho Eliudi alitembea nacho kama wengine wanavyotembea na kalamu. Alikitundika kwenye kivuli cha kibanda cha soda, mbali na ukuta, akasubiri dakika tano. Anga la Tunduma lilikuwa tupu, jua linawaka, vijana wa kubadilisha fedha mpakani wamevua mashati. Kwa bahati mbaya, kipimajoto kilisema ishirini na tano.

"Umeona?" Mzee Bugalama akamgeukia dada yake. "Tano zetu zimeshakatwa. Hatudaiwi tena. Halafu nina swali, mwalimu. Tukipanda mlima, tunalikaribia jua au tunalikimbia?"

"Tunalikaribia, lakini—"

"Tunalikaribia. Mtu anayekaribia moto anavaa koti?"

"Jua halipashi hewa moja kwa moja, baba. Linapasha ardhi, na ardhi ndiyo inayoipasha hewa. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, haishiki joto. Na jua lenyewe liko kilometa milioni mia moja na hamsini. Kupanda mlima wa kilometa moja ni sawa na mtu wa Kamsamba asimame juu ya kichuguu, aseme ameikaribia Mwanza."

Mzee Bugalama aliliwaza jambo hilo kwa haki. "Lakini ameikaribia," akasema.

Wakaenda kununua zawadi. Zilitakiwa mbili: koti la baba wa binti na blanketi la bibi yake. Tangu biashara ifunguliwe, Tunduma ilikuwa na kila nguo ambayo dunia imechoka nayo, na upande wa Zambia zaidi. Mwanamke mmoja wa Nakonde aliwapokea. "Batata, baba zetu, karibuni! Hii si salaula, hii haijavaliwa na mtu," akasema, akimaanisha kwamba si mtumba. Eliudi alichagua mwenyewe. Alipima makoti kwa mkono, moja baada ya jingine, akachukua la sufu, la kijivu, zito kama kondoo mzima. Blanketi alichukua lile ambalo, likiinuliwa juu kuelekea jua, halipitishi mwanga hata chembe.

"Unapoteza," baba yake akamwambia. "Blanketi la bibi ni la kutajwa. Huko kwetu nani analifunika?"

"Huku linafunikwa, baba. Na koti linavaliwa hapo hapo." Eliudi akawaeleza utaratibu wa nyumba ya Mzee Osward, kwa sababu Gloria alikuwa amemkaririsha. Zawadi zinafungwa kwenye kitenge. Fundo linafunguliwa na bibi mwenyewe, hakuna mkono mwingine unaogusa. Bibi anachukua blanketi lake, baba wa binti anavaa koti, na akiwa ndani ya koti ndipo anapotoa jibu. Jibu la baba asiyevaa koti halihesabiki. "Na mimi huko nitakuwa bubu. Mwoaji hasemi kwenye posa yake."

"Hilo hata kwetu lipo," akasema Mhoja. "Na mshenga hali wala hanywi mpaka neno lake lipokelewe. Mimi na ujumbe wangu wote."

Shangazi Kabula akafunga fundo. Eliudi aliomba mara ya mwisho wanunue makoti matatu ya mtumba kwa ajili yao wenyewe. Mzee Bugalama akamtazama kwa huruma, akaigonga barua mfukoni.

Asubuhi ya Jumamosi walipanda lori la mahindi. Kwa saa nzima ya kwanza Mzee Bugalama alikuwa mtu mwenye furaha. Jua lilikuwepo. Alionyesha kwa kidole migomba, kahawa na nyumba za matofali, akasema watu wa huku wanajitahidi. Kisha lori likazunguka kona moja juu ya mgongo wa kilima, na upepo wa kusini-mashariki ukawakuta usoni kama mlango uliofunguliwa ghafla.

Mzee Bugalama akashusha kidole. Baada ya kona ya pili akasema, "Eliudi. Zimebaki ngapi?"

"Siwezi kupima kwenye lori, baba. Hewa inakwenda."

"Kadiria."

"Kumi na saba."

"Na tumeshapanda jana!"

"Hapa hatukupanda. Huu ni upepo. Mwezi wa saba jua liko kaskazini, upepo unatoka kusini-mashariki kwenye baridi, unapita juu ya Ziwa Nyasa, unabeba unyevu. Ukifika kwenye milima hii hauna pa kupita isipokuwa juu. Ukipanda unapoa, ukipoa unakuwa wingu. Upande wa pili, Tunduma na kwetu, ukishuka unakauka na kupata joto. Ndiyo maana jana kule—"

"Hayo hukuandika."

"Karatasi iliisha."

Shangazi Kabula, ambaye kitenge cha kujitanda alikuwa amekihamishia kichwani na kile cha kuvaa ameking'ang'ania kwa mikono miwili, alicheka mpaka akakohoa. "Miaka yote tumeuza ng'ombe kumsomesha," akasema, "na karatasi mbili zimemshinda!"

Eliudi alivua koti lake, akampa baba yake. Baba akakataa. Akampa Mhoja. Mhoja akamtazama kaka yake, naye akakataa. Shangazi akasema yeye angelichukua ila hawezi kuvaa wakati kaka zake wanakufa. Kwa kuwa hakuna kijana mwenye adabu anayekaa ndani ya koti huku wazee wake wanatetemeka, Eliudi naye alilikunja koti, akalikalia. Hivyo watu wanne walifika Mbebe wakiwa na makoti mawili na blanketi moja, na hakuna hata mmoja aliyejifunika.

Saa nne kamili walikuwa mlangoni. Mzee Osward alitazama saa yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, na kwa ajili ya heshima alikuwa amevaa shati la mikono mirefu na sweta tu, maana koti jipya lilikuwa njiani. Aliwaingiza sebuleni. Ilikuwa sebule nzuri: sakafu ya saruji, mabati juu, viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe, na madirisha manne yaliyofunguliwa yote ili wageni wasikae gizani. Wingu liliingia kwa dirisha moja na kutoka kwa lingine bila haraka. Eliudi alikuwa amekitundika kipimajoto chake kwenye msumari wa barazani alipokuwa anapita. Hakuthubutu kukitazama.

Nyumba ile ilikuwa na mahali pamoja tu pa joto, napo ni jiko la nje, ambako mama wa Gloria, Mama Jenista, alikuwa anapika tangu alfajiri. Kutoka sebuleni ulionekana moshi wake ukipenya kwenye nyasi za paa. Mwanamume anayetafuta ukwe hawezi kuingia jikoni kwa mama mkwe. Hiyo haikuwa desturi ya Wandali wa Mbebe tu wala ya Wasukuma wa Kamsamba tu. Ilikuwa ndiyo desturi pekee ambayo familia hizi mbili zilikuwa nayo zote bila kuambizana.

Shangazi Kabula akasimama. "Mimi ni mwanamke," akasema kwa sauti ya kuarifu, "naenda kuwasaidia wenzangu kupika." Akatoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumsubiri kaka yake amruhusu.

Mama Jenista alileta chai. Birika lilitoa mvuke mnene kuliko wingu. Mhoja aliutazama mvuke huo kama mtu anayeona ndugu yake kituoni upande wa pili wa barabara.

"Karibuni chai," akasema Mzee Osward.

"T-tunashukuru," akasema Mhoja. "S-sisi hatunywi k-kabla ya n-neno."

Mzee Osward aliinua nyusi. Kwake yeye mgeni anayekataa chai ana jambo moyoni. "Basi tulisikie neno," akasema.

Mhoja akasimama. Alikuwa ameandaa hotuba ya nusu saa, yenye jogoo aliyepotea, mfugaji anayetafuta malisho na ua lililochanua katika bustani ya mtu. Meno yake yalianza kugongana kabla hajamfikia jogoo. "T-tumepotelewa n-na j-j-j—" akasema, akavuta pumzi, hewa ya Mbebe ikamwingia kifuani, akashindwa kabisa. "T-tunaomba m-mke," akasema, akakaa.

Ilikuwa posa fupi kuliko zote zilizowahi kusikika katika nyumba ile.

"Mmemaliza?" akauliza Mzee Osward.

Mzee Bugalama, ambaye alikuwa amebana mikono kwapani na taya zake amezifunga kama mtego, aliitikia kwa kichwa. Hakuthubutu kufungua mdomo. Kwa Mzee Osward aliyekuwa mbele yake, hiyo ilionekana kama dharau ya tajiri wa ng'ombe. Eliudi aliyaona yote mawili kwa wakati mmoja. Alijua baba yake anatetemeka kwa sababu tatu zinazoweza kuelezwa na kuchorwa ubaoni, na alijua Mzee Osward anakasirika kwa kutozijua. Dakika mbili za maelezo zingetosha. Lakini yeye ndiye alikuwa mwoaji, na mwoaji ni bubu.

"Sisi tunatoka kidogo tukashauriane," akasema Mzee Osward. Mlangoni akageuka. "Watu waliokuja kwa hiari yao, ninavyojua mimi, huwa wanasema zaidi ya maneno mawili."

Walipobaki watatu, Mzee Bugalama akafungua taya. "Wanatupima."

"Hapana, baba."

"Madirisha manne! Wameyafungua makusudi. Wanataka kuona kama Msukuma atalia. Mimi saa sita naondoka, jibu liwepo lisiwepo."

"Ukiondoka ndiyo imekwisha. Alisema mara ya tatu hana."

"Nikikaa ndiyo nimekwisha mimi. Utachagua, mke au baba."

Mhoja hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama furushi lililokuwa mezani. "K-kaka," akasema. "Humo ndani m-mna koti."

Wote watatu wakalitazama furushi.

"Hapana," akasema Eliudi. "Baba mdogo, hapana. Fundo ni la bibi."

"Dakika t-tano tu. Tunafunga tena. Nani atajua?"

"Wakoje wakishauriana, watu hawa?" akauliza Mzee Bugalama. "Wanachukua muda?"

Eliudi alifikiri. Wandali aliowajua walikuwa watu wa kulitafuna jambo. Aliposhauriana kuhusu kuhamisha choo cha kanisa, Mzee Osward alitumia wiki sita. "Wanachukua muda," akasema, na papo hapo akatambua kwamba kwa mara ya pili ametoa taarifa sahihi isiyokamilika.

Fundo likafunguliwa. Koti la baba likamwingia Mzee Bugalama kama lilikatwa kwa ajili yake. Mhoja alijizungushia blanketi mara mbili, akabaki pua. Wakafumba macho, na rangi ikaanza kuwarudia.

Walichokisahau wote ni kwamba wenye nyumba nao walikuwa wameacha chai ikipoa, na kwamba Shangazi Kabula alikuwa jikoni. Mzee Osward na mkewe hawakushauriana hata dakika saba. Jikoni walimkuta Shangazi Kabula amelikumbatia figa na miguu yake imo karibu ndani ya majivu, akimweleza mama mzaa Mzee Osward, Bibi Ikupa, habari zote za karatasi iliyoisha. Bibi Ikupa, mwanamke mdogo mwenye sauti kubwa, akasema watu hao wasije wakafia mikononi mwao, liende likamalizwe.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Bugalama alijaribu kulivua koti. Lakini alikuwa amefunga vifungo vyote vitano, na vidole vyake vilikuwa havijapata joto la kutosha kuvifungua. Mhoja hakujaribu chochote.

Mzee Osward alisimama. Alitazama kitenge kilichofunguliwa mezani, akatazama blanketi, akalitazama koti kuanzia kola hadi pindo. Karatasi ya dukani ilikuwa bado inaning'inia kwenye mkono wa koti.

"Hilo koti," akasema polepole, "ni langu au ni lako?"

Eliudi aliuona mwaka wake wote ukienda na wingu kwa dirisha la pili.

"Ni lako," akasema Mzee Bugalama. Sauti yake, ikiwa imepata joto, ilitoka imara. "Nalipasha moto. Huwezi kumpa mtu koti la baridi."

Jikoni kulisikika kicheko cha Gloria, kikazibwa kwa mkono. Mzee Osward hakucheka. "Nimeozesha mabinti watatu," akasema. "Sijaona mtu akivaa posa yake mwenyewe. Fundo ni la mama yangu. Mmelifungua. Kwa nyumba hii hapo hakuna tena—"

"Osward, nipishe," akasema Bibi Ikupa.

Alipita chini ya mkono wa mwanawe, akaenda moja kwa moja kwa Mhoja. Akashika pindo la blanketi, akalisugua kati ya vidole. "Wewe ndiye uliyekuwa huwezi kusema 'jogoo'?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Hebu sema."

"Jogoo."

"Tena."

"Bibi yangu," akasema Mhoja, na blanketi likamfungua ulimi wote, "tulipotelewa na jogoo kule bondeni, jogoo wa sauti nzuri, tukafuata nyayo zake siku mbili usiku na mchana, zikapanda milima, zikavuka mito, zikaingia ndani ya ua wa mtu mwenye heshima zake, tukaona si vema kurudi bila kubisha hodi—"

"Basi, inatosha!" Bibi Ikupa akawageukia wengine. "Nina mablanketi matatu sandukuni. Yaliletwa na wakwe watatu, wote watu wa maneno. Ukiyatandaza unamwona jirani upande wa pili. Hili ndilo la kwanza kuletwa na shahidi." Akalivuta. Mhoja akazunguka kinyume, mara mbili, likamtoka. Bibi akajifunika papo hapo, likiwa na joto lake. "La kwangu limepokelewa. Sasa tuje kwenye koti. Osward, desturi ya nyumba hii ni ipi? Anayetoa jibu ni nani?"

"Ni baba wa binti, mama. Unajua."

"Baba wa binti akiwa amevaa nini?"

Mzee Osward akalitazama sweta lake. "Koti."

"Koti liko kwa nani?"

Bibi Ikupa akamnyooshea kidole Mzee Bugalama. "Wewe uliye ndani ya koti la baba. Watu hawa wanamwomba Gloria. Anatolewa au hatolewi?"

Mzee Bugalama alikuwa ameuza ng'ombe minadani kwa miaka thelathini, na alijua bei nzuri ikitajwa usivute pumzi. "Anatolewa!" akasema.

"Mimi sijasema!" akapaza sauti Mzee Osward.

"Wewe huna koti," mama yake akamjibu.

Hapo Mama Jenista akaanza kucheka mlangoni, na jikoni hakuna aliyejiziba tena. Mzee Osward alijaribu kubaki mkali. Alitazama saa yake, labda akitafuta msaada, lakini ilikuwa saa nne na dakika hamsini tu. Akanyoosha mkono. "Nipeni koti langu," akasema. "Kama binti yangu anatolewa, nitamtoa mwenyewe, hatatolewa na mtu wa Kamsamba."

"Sema kwanza," akasema Mzee Bugalama, akiwa ameshika kola.

"Jibu la nje ya koti halihesabiki."

"Nami nikilivua nitakufa kabla hujamaliza kufunga vifungo."

Walimaliza kwa njia iliyompendeza hata Mzee Osward, maana ilikuwa na usawa ndani yake. Alivua sweta lake, zito, lililofumwa na mkewe. Mama Jenista akamsaidia Mzee Bugalama vifungo. Kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, wazee wawili wakabadilishana, na kwa nukta kadhaa wote wawili walikuwa hawana kitu isipokuwa mashati na hofu. Kisha Mzee Osward akafunga kifungo cha juu, akakohoa, akasema, "Gloria anatolewa." Kisha akaongeza kwa mshangao wa kweli, "Koti lina moto!"

Madirisha yakafungwa. Chai ikaletwa upya, na Mhoja akanywa vikombe vitano bila kusema neno, jambo ambalo ndugu zake hawakuwahi kuliona. Eliudi, ambaye sasa alikuwa na ruhusa ya kuwa na mdomo, alitoka barazani akarudi na kipimajoto.

"Zimebaki ngapi?" akauliza baba yake.

"Kumi na moja."

"Nilikuja na ishirini na tano. Kumi na nne zimekwenda wapi?"

Eliudi akaeleza. Alianza na jua lililo kaskazini mwezi wa saba, akaja kwenye ziwa, upepo, mlima na wingu linalolizuia jua lisifike ardhini. Akaeleza kwa nini wakati huo huo, nyuma ya milima, watu wa Tunduma walikuwa wanavua mashati. Hakuna aliyemkatiza. Mzee Bugalama alisikiliza ndani ya sweta la mkwewe, akitikisa kichwa kila sababu ilipotajwa, kama mtu anayeonyeshwa mmoja mmoja wale waliompiga.

"Yote haya ungeyaweka kwenye karatasi," akasema mwishoni, "ningenunua makoti mawili."

"Na posa ingechukua siku nzima," akasema Shangazi Kabula.

Wakapanga harusi. Kwa kuwa ng'ombe wasingepandishwa kwenye ukungu ule, ilikubaliwa ifanyike Kamsamba, mwezi Oktoba, mvua zikiwa bado. Mzee Osward alikuwa hajawahi kushuka bondeni mwezi huo. Alisimama, akajinyoosha ndani ya sufu ya kijivu, akapapasa vifungo vyote vitano.

"Nitakuja hivi hivi nilivyo," akasema. "Koti hili sitalivua mpaka bwana harusi na bibi harusi watoke kanisani. Kwani Kamsamba kuna joto? Mkwe wangu si uliandika tofauti ni nyuzi tano?"

Mzee Bugalama akatazama kikombe chake. "Tano tu," akasema.

Eliudi akamgeukia Gloria, aliyekuwa anakusanya vikombe. "Una karatasi za barua?"

Gloria akamletea moja.

"Nne," akasema Eliudi.